Mpwa Hanyimwi

Kwa Wakakwa, wa Koboko na wa ng'ambo ya mpaka, mpwa akiingia nyumbani kwa mjomba wake hapigi hodi. Akimwona jogoo humkamata. Akikuta nyama jikoni huchagua kipande anachokitaka, na mjomba hucheka kwa sababu hana la kufanya. Damu ya dada haiambiwi hapana. Silvester Aliga aliijua haki hiyo kabla hajajua kusoma. Alikuwa na miaka saba mama yake, Kiden, alipomvusha mpaka kwenda Yondukori, kijiji alikozaliwa mama huyo, kumwonyesha kwa kaka yake Lukudu. Siku hiyo hiyo mtoto akatoka mbio na jogoo mwekundu kwapani, na mjomba nyuma yake akipiga kelele kijiji kizima kisikie:

"Mwizi! Mwizi wa dada yangu! Chukua na majike yake basi, yasije yakabaki wajane!"

Alipokuja kuyatazama maisha yake ya ukubwani, Silvester aliona kwamba hajawahi kupendwa hadharani namna ile tena.

Baba yake alikuwa askari wa enzi zilizopita, akafa mapema na kumwachia mwanawe sare moja na Kiswahili cha kambini. Kidogo hicho kilimfaa. Alipoacha shule alishuka Arua, akapanga chumba mtaa wa Oli, karibu na mto, akauza mitumba. Oli ni mahali ambapo mtu anaweza kujifunza lugha nne bila kuvuka barabara: majirani walimpa Kilugbara, wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini wakampa Kiarabu cha Juba, wauza vitenge wa Kongo wakamwongezea Kilingala cha kununulia, na redio ikampa Kiingereza. Kikakwa alikuwa nacho cha kunyonya. Wengine walikuwa na mashamba. Yeye alikuwa na ulimi, na aliulima.

Alikuwa na miaka thelathini na minne jeshi la nchi ya mbali lilipoweka kambi upande wa pili wa mpaka. Lilikuja kulinda amani, hivyo ndivyo lilivyosema, na halikuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuomba maji kwa Kikakwa. Silvester akaandikishwa kuwa mkalimani. Alipewa fulana yenye nembo, buti, na mshahara ambao Oli nzima ililazimika kuzungumza juu yake kwa sauti ya chini.

Aliwekwa chini ya meja mmoja mwenye pua iliyobanduliwa na jua, ambaye watu walimwita Meja Asante, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua na alilitumia kwa kila jambo: kusalimia, kuaga, hata kumfukuza mbuzi. Meja hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa ofisi ya ujenzi mpya. Alichimba visima, akajenga darasa, akagawa mabati kwa waliochomewa nyumba zao katika vita vya mwanzo. Kisha, baada ya kila msaada, alirudi na karatasi yenye maswali matatu. Je, unajisikia salama? Je, unalishukuru jeshi letu? Je, majirani zako nao wanalishukuru? Majibu yalipelekwa makao makuu, huko yakageuzwa kuwa mstari, na mstari ulitakiwa kupanda kila mwezi. Watu wa nchi ile ya mbali walikuwa wameanza kuuliza askari wao wanatafuta nini katika vichaka vya watu, na mstari ule ndio uliokuwa jibu.

Silvester aliuelewa mstari kuliko Meja mwenyewe. Aligundua mapema kwamba ukimuuliza mtu kama anashukuru huku umeshika misumari ya paa lake, jibu ni moja tu. Akajua pia namna ya kuupanga umati: kina mama mbele, wazee kwenye viti, vigelegele baada ya jina la nchi mfadhili na wala si kabla. Meja akasema hajapata kuona mtu mwenye kipaji kama hicho. Alipoulizwa kijiji gani kianze kupata mabati mwaka uliofuata, Silvester hakufikiri mara mbili. Akasema Yondukori.

Nyumba thelathini na moja zikaezekwa. Kiden, aliyekuwa amebaki Koboko, alipopata habari alicheza peke yake uani. Mwanawe alikuwa amerudisha jogoo.

Miezi minne hivi baadaye, Meja alirudi na habari njema. Wabunge wa nchi yake walikuwa wanakuja. Wangepita kwa helikopta juu ya vijiji, wapige picha ya mapaa, kisha washuke wapewe mkono. Silvester akatumwa kutangulia kupanga mambo. Alipofika Yondukori alisimama kwenye njia ya kuingilia akadhani amepotea. Hapakuwa na bati hata moja. Kulikuwa na nyasi tu, paa baada ya paa, kama zamani za babu.

Mjomba Lukudu alimpokea kwa kicheko chake kile kile, ila kifupi.

"Yako chini ya nyasi," alisema. "Hatujauza. Unadhani mjomba wako ni mlevi kiasi hicho?"

"Kwa nini mmeyafunika?"

Lukudu alielekeza kidevu kwenye kilima. "Wale waasi wa msituni walishuka kutafuta chumvi. Walisema: nyumba inayong'aa ni nyumba ya mtu anayeongea na wageni. Walisema watarudi kuhesabu. Basi tukaona, nyasi hazigombani na mtu. Mvua haituingii, na wao hawaoni kitu. Kila mtu amepata chake."

"Mjomba, wageni wanakuja keshokutwa. Wakipita juu waone nyasi, watasema mabati yameliwa."

"Waambie ukweli. Si ndiyo kazi yako, kusema?"

Meja alifika mchana na gari lake, akatazama, uso ukamwiva. Akauliza kwa nini. Lukudu akamweleza yote, kilima, chumvi, hesabu, taratibu, akisubiri kila sentensi ivushwe. Na Silvester akavusha vingine. Alimwambia Meja kwamba wazee wanasema bati hupiga kelele wakati wa mvua na hutia joto mchana, ndiyo maana wakaweka nyasi. Alijua kabisa alichokifanya. Angesema hofu, Meja angeiandika; ikiandikwa, Yondukori ingekuwa kijiji kisicho salama, helikopta ingepelekwa kwingine, mstari ungeanguka, na mkataba wa Silvester ulikuwa unakwisha mwezi ule.

Meja alicheka kwa faraja. Joto! Akasema waziondoe nyasi siku mbili tu, kisha wafanye wapendavyo. "Asante," akaongeza.

Silvester alipowageuzia ombi hilo, wazee waligeuka wakakitazama kilima. Mmoja alitema mate pembeni. Mwingine akasema, "Mwambie hapana." Hapo ndipo Silvester alipofanya jambo ambalo askari wa nchi yoyote, na bunduki zake zote, asingeweza kulifanya. Alivua buti. Akaweka ngazi kwenye nyumba ya mjomba wake, akapanda, akang'oa shada la kwanza la nyasi akalitupa chini. Kisha akasimama juu pale akasema kwa Kikakwa:

"Mimi ni mwana wa Kiden. Ninachukua."

Lukudu alimtazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Wapo watu wanaoweza kuivunja sheria ikiwa inawaua. Lukudu hakuwa mmoja wao.

"Mpwa akishika, ameshika," alisema hatimaye, akajaribu kucheka. "Jogoo huyu mzito, Silvester. Angalia asikuangukie."

Kijiji kizima kilikuwa ukoo wa Kiden, na kufikia jioni mapaa yote thelathini na moja yalikuwa wazi. Celestina, mke wa Lukudu, alizikusanya nyasi zake akazifunga matita, tayari kwa kurudishwa.

Wageni walikuja, wakapita juu, wakashuka, wakashika mikono. Kina mama walikuwa mbele. Mbunge mwanamke alilia kidogo. Kabla ya kuondoka Meja alisema kundi jingine la wageni linakuja baada ya wiki mbili, akaomba nyasi zisirudishwe kwanza. Silvester akalivusha ombi hilo lilivyo, bila kulipunguza wala kuliongeza, na halikupingwa. Alikuwa ameshachukua.

Siku ya kumi na moja wale wa msituni wakashuka mchana kweupe, saa za kupalilia. Hawakuuliza jina la mtu. Walikuwa wamekaa kilimani wamehesabu, na walipita nyumba kwa nyumba kama wakusanya kodi. Bati haliungui. Kiliungua kilichokuwa chini yake. Lukudu alikufia mlangoni, na Duku, mwanawe wa kwanza, alikufa ndani akijaribu kumtoa bibi mmoja wa jirani. Celestina alitoka na mguu uliopasuliwa kwa panga na watoto wawili wadogo, akatembea siku tano mpaka mpakani.

Ripoti ya mwezi ule ilisema kwamba uungaji mkono wa raia katika eneo lile haukuweza kupimwa kwa sababu za kiusalama. Mwisho wa mwaka jeshi liligawa kalenda kwa wafanyakazi wake. Picha ya mwezi wa tano ilikuwa Yondukori kutoka angani, mapaa yanang'aa kama sarafu zilizomwagwa kwenye majani. Silvester alipewa nakala mbili.

Mkataba wake uliongezwa mara moja zaidi, kisha jeshi likafunga kambi likaenda kwao. Alirudi Koboko na akiba, akajenga nyumba, akamwoa Peace, mwalimu wa chekechea kutoka upande wa Ombaci, akamchukua mama yake kuishi naye. Akanunua mahema mawili na viti mia tatu vya plastiki, akawa mkodishaji na mshereheshaji. Shirika lolote likikabidhi choo, ghala au mbegu, kuanzia Koboko hadi Omugo, lilimwita yeye aongoze shukrani. Mpaka leo hana mpinzani.

Jambo moja tu hakuwahi kulipanga. Mama yake aliuliza, "Lukudu je?" Ilikuwa wiki ile ile ya moto, kwenye simu, na Silvester akasikia kinywa chake kikisema kwamba mjomba amevuka, yuko kambi ya wakimbizi ya Omugo, ni miguu tu inamsumbua. Alikusudia kuurekebisha uongo huo Jumapili. Jumapili ikapita. Baada ya hapo uongo ulihitaji kulishwa kama mfugo mwingine wowote. Kila alipotoka kwenye sherehe za Omugo alipita sokoni Koboko akanunua ufuta na tumbaku, akamfikishia mama: "Hizi zimetoka kwa kaka yako." Mama naye alijibu zawadi kwa zawadi. Alimfuga jogoo miezi sita, akamfunga miguu kwa kitambaa, akamkabidhi mwanawe ampeleke kwa Lukudu. Silvester alimpeleka hadi Arua, akamla hotelini na dereva wake Yakubu.

"Tamu," alisema Yakubu, akifyonza mfupa. "Hii kuku iko ya nani?"

"Ya mjomba yangu."

"Mjomba yako iko mutu muzuri sana."

Miaka saba ilikwenda hivyo. Mjomba aliyekufa alizidi kuwa mtu mwema: alituma salamu, alikumbuka mazishi ya watu, aliuliza hali ya kidonda cha dada yake. Hata Silvester akaanza kumzoea.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Kiden akavimba tumbo. Hospitali ikamtazama wiki mbili, ikamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Mwenyewe alielewa. Aliomba kitanda chake kigeuzwe kiangalie mlango, akamwita mwanawe.

"Mimi nimekwisha, na sina ugomvi na hilo. Lakini dada hafungi safari bila kaka kumfungulia njia. Umlete Lukudu aniambie nenda. Kama miguu haimwezi, mbebe. Wewe una gari."

"Mama, hali yake..."

"Hata kwa machela. Nitamsubiri. Najua kusubiri."

Kweli alijua. Vidonge viliisha, vikaletwa vingine, na kila asubuhi Peace alikuta macho ya mkwe wake yameelekea mlangoni. Siku ya nne akamwambia mumewe, "Hafi kwa sababu yako. Unamtesa. Nenda kamlete mtu yeyote wa upande ule, hata mke wake, aseme ametumwa."

Peace alijua kwamba Lukudu amekufa. Kuhusu ngazi hakujua chochote.

Silvester alimchukua Yakubu wakaenda Omugo. Nyumba ya Celestina ilikuwa mwisho wa njia, ya udongo, nyasi juu, na turubai kuukuu la msaada lililofungwa upande wa mvua. Alikuwa amekaa chini anakoboa karanga, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama kitu kisichomhusu. Silvester alimsalimia kwa Kikakwa, salamu ndefu ya mpwa kwa mke wa mjomba. Celestina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili, kile cha kambini.

"Wewe natafuta nani?"

"Mama Duku, ni mimi. Silvester."

"Mimi nakujua. Nauliza wewe natafuta nani."

Alieleza. Mama yake, tumbo, kitanda, mlango. Alieleza na ule uongo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuomba bila kuueleza. Alijaribu tena na tena kurudi kwenye Kikakwa, na kila mara akajibiwa kwa Kiswahili, mpaka akachoka akahamia huko naye. Karanga ziliendelea kupasuka vidoleni.

"Miaka saba," alisema Celestina.

"Ndiyo."

"Miaka saba bwana yangu iko natuma tumbaku."

Silvester aliinamisha kichwa. Celestina alianza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka Yakubu aliyekuwa ameegemea gari akageuka kutazama kuna nini.

"Nakuja," alisema. "Kiden hakunikosea kitu."

Njiani alikaa kiti cha nyuma. Silvester alijaribu kumpangia maneno, kama alivyozoea kuwapangia watu kabla ya sherehe. Aseme tu kwamba Lukudu amemtuma. Aseme ameshindwa kusafiri kwa sababu ya miguu.

"Miguu ya nani?" aliuliza Celestina.

Yakubu akaongeza sauti ya redio.

Kiden alipomwona wifi yake mlangoni alijaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha mikono. Walishikana. Kwa muda kidogo walikuwa wanawake wawili tu, wakiulizana kwa Kikakwa juu ya mvua, watoto, mguu, tumbo. Peace aliweka chai. Silvester alisimama karibu na dirisha, moyo ukianza kushuka mahali pake. Kisha Kiden akauliza:

"Na kaka yangu? Amesema nini?"

Celestina alikiweka kikombe chini.

"Wifi yangu," alisema kwa Kikakwa, polepole, "kuna neno lilipita kwenye kinywa cha mtoto wako. Litatokea pale pale lilipoingilia. Mimi simo." Akamgeukia Silvester, na kuanzia hapo hakusema tena Kikakwa. "Mukalimani. Simama hapa karibu. Mimi nasema, wewe natafsiri."

"Mama Duku, tafadhali."

"Sema yeye: Lukudu alikufa."

Kiden alikuwa akimtazama mmoja kisha mwingine. Kiswahili hakukijua, kilikuwa lugha ya mumewe na askari wenzake, na alikuwa amekataa kuijifunza maisha yake yote. "Anasemaje? Kwa nini mwenzangu anaongea kiaskari nyumbani kwangu?"

Silvester alilowesha midomo. "Anasema mjomba ni mgonjwa sana, Mama."

"Hapana," alisema Celestina. "Mimi sikusema hivyo. Rudia."

Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuvusha maneno mbele ya mtu aliyezijua ng'ambo zote mbili. Alimtazama Peace kuomba msaada. Peace alikuwa amesimama na birika mkononi, akingoja kusikia kama wengine.

"Mjomba amekufa, Mama," alisema.

Kiden hakulia. "Lini?"

"Mwaka ule wa moto."

"Sema yeye," aliendelea Celestina, "bati ilikuwa chini ya nyasi. Sema yeye nani alisema nyasi itoke."

"Anasema... walifunika mabati kwa nyasi, kwa ajili ya wale wa msituni. Meja akataka zitolewe."

"Meja alisema nyasi itoke. Wazee walisema nini?"

"Walikataa."

"Sema kwa mama yako, si kwa mimi."

"Walikataa, Mama."

"Halafu nani alipanda juu ya nyumba?"

Nje Yakubu alikuwa anaosha gari, akipiga mluzi. Silvester alisema, "Mimi nilipanda."

"Sema yeye ile maneno wewe ulisema kule juu. Yote."

Hapo Silvester aligeukia dirisha, mpaka Peace akamwita kwa jina. Celestina hakumharakisha. Alikuwa ameukunja mguu wake mzima na kuunyoosha ule mwingine, kama mtu aliyekuja kukaa.

"Nilisema," alianza Silvester, na sauti yake ikatoka ndogo, "mimi ni mwana wa Kiden. Ninachukua."

Kiden alifumba macho. Walidhani maumivu yamemzidi, Peace akasogea na kidonge. Mgonjwa akausukuma mkono wake.

"Kwa hiyo Lukudu hakuwatii wageni," alisema, akijisemea. "Alinitii mimi."

"Mama, mimi sikujua kwamba..."

"Alikuambia kuhusu kilima?"

Silvester alimtazama Celestina. Celestina alikuwa anamtazama yeye.

"Aliniambia," alisema.

"Na yule jogoo niliyemfuga?"

Hilo halikuwa katika maneno ya Celestina, na hapakuwa na wa kulitafsiri. Mama yake akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akageuza uso kwa wifi yake na kuomba chai.

Kiden aliishi siku tisa zaidi, ambazo daktari hakuzitarajia. Celestina hakuondoka. Alilala chini kando ya kitanda, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, na siku ya tatu alimwambia, kwa niaba ya marehemu, maneno ambayo kaka humwambia dada anayeondoka. Wanawake wa jirani walioshuhudia walisema yalisemwa vizuri, bila kuruka kitu. Silvester hakuitwa. Aliyasikia kupitia dirishani.

Alikuwa amejiandaa kulaaniwa. Laana ya mama ni jambo kubwa pale Koboko, lakini lina dawa: kuna wazee, kuna mbuzi, kuna siku ya kuiondoa. Usiku wa kwanza alipiga magoti mlangoni akiingoja. Kiden hakumlaani. Alimwangalia kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyoiona sokoni, akamwambia Peace:

"Mpe mgeni kiti. Asikae chini, atachafua nguo."

Peace alidhani homa imempanda. Haikuwa homa. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumwona, mgonjwa alimtaja kwa jina, akamuuliza habari za shamba lake la mihogo na mkewe wa pili. Padri naye alipokewa kwa jina. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa mgeni, na alikirimiwa kuliko wote. Asubuhi Kiden aliuliza kama mgeni amelala salama. Mchana aliagiza mgeni apewe kipande cha nyama kilicho kizuri, kwa sababu wageni wana haya, hawaombi. Silvester akiingia, Kiden alijifunika kifua kwa shuka, kama mwanamke anavyofanya mwanamume mgeni anapoingia.

"Mama, ni mimi," alisema siku ya sita. "Nitukane. Niite muuaji."

"Karibu," alijibu Kiden. "Umetoka mbali?"

Alijaribu kutumia haki yake ya mpwa. Siku ya saba aliingia bila hodi, akachukua kikombe cha uji mkononi mwa Celestina, akataka kumlisha mama yake mwenyewe. Kiden alifunga midomo. Hakuifunga kwa hasira. Aliifunga kama mtu mzima aliyeshiba, akashukuru, akasema mgeni asijisumbue. Uji ukapoa. Celestina alikichukua kikombe, akauchemsha tena, na Kiden akaunywa wote.

Siku ya tisa, baada ya mvua ya adhuhuri, pumzi yake ilianza kukatika. Peace alimwinua kichwa. Silvester alikuwa kwenye kiti alichopewa, hatua mbili kutoka kitandani, mikono juu ya magoti. Watu walikuwa wameanza kujaa uani na walihitaji mahali pa kukaa, lakini yeye, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, hakusogea. Mama yake alifungua macho, akayazungusha chumba kizima, akamwona pale alipo.

"Binti yangu," alimnong'oneza Peace, "mgeni wetu anaondoka lini?"

Peace alimtazama mumewe. Kiden alingojea jibu hilo kidogo. Halikuja, naye hakuweza kungoja zaidi.